Nimepigwa sapu ya Kwanta, nikimbilie geofizikia?

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa Ngamiani, nasoma shahada ya fizikia, mwaka wa pili, na sasa niko nyumbani Tanga kwa likizo. Kidato cha sita nilifaulu PCM vizuri tu, na chuoni mekanika, umeme na mawimbi nilivipita bila shida. Semista iliyokwisha tulisoma Kwanta, ile fizikia ya chembe ndogo kama elektroni, nikapigwa sapu, yaani mtihani nitaurudia.

Kinachoniuma ni kwamba hesabu naziweza. Nipe chembe iliyofungiwa kwenye kisanduku, nitakutolea viwango vyake vya nishati. Lakini nikishafunga daftari sijui nilichohesabu ni nini. Ile fanksheni ya wimbi ni wimbi la kitu gani? Wimbi la pale Raskazone ni la maji, la sauti ni la hewa, hili je? Elektroni inawezaje kupita matundu mawili kwa mpigo, halafu ikifika kwenye skrini igonge nukta moja tu? Nilimuuliza mhadhiri baada ya kipindi, akanijibu kuwa hilo halimo kwenye mtihani. Wenzangu wanakomaa na pasti pepa, wanadesa, wanapita. Mimi nikishika desa swali lile lile linanirudia, naishia kulala. Kwenye mtihani kulikuwa na swali la spini, umepewa matriksi mbili utafute uwezekano wa jibu la kipimo cha pili; hilo niliacha karatasi nyeupe.

Kuna jambo jingine. Chuo kikifunguliwa najaza fomu ya mkondo wa mwaka wa tatu na mradi wa utafiti. Mikondo ni minne: nadharia, yabisi na nishati ya jua, fizikia ya tiba, na geofizikia. Tangu kidato cha tano nilijiona mtu wa nadharia. Sasa nafikiria geofizikia, na kwa kweli ni kwa sababu moja tu, nimeambiwa haina Kwanta. Mjomba naye anaitaka hiyo hiyo, anasema bomba la mafuta limekuja Chongoleani, mtu wa Tanga asiyesoma mafuta leo amejinyima mwenyewe. Mama anataka nikimaliza niombe ualimu nirudi nyumbani. Ninayekaa naye hosteli ananiambia niachane na yote hayo, hela ya kesho iko kwenye kompyuta za kwanta.

Bumu langu linategemea nisidisko, kwa hiyo sina nafasi ya kubahatisha. Mwalimu, inawezekana mimi sina kichwa cha kitu hiki? Na nichague nini?

Mwenye Mawimbi Kichwani,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile karatasi nyeupe. Umeitaja kwa sentensi moja ukapita, nami naona nusu ya barua yako iko hapo. Mtu anayeweza kutatua kisanduku anajua kalkulasi. Swali la spini, ile sumaku ndogo ya asili iliyomo ndani ya chembe, halitaki kalkulasi hata kidogo. Linataka vekta zenye namba mbili, matriksi za mbili kwa mbili, na namba changamano. Hukuliacha kwa sababu hujui wimbi ni la nini. Uliliacha kwa sababu aljebra ya vekta uliisoma mwaka wa kwanza kama somo la kupita, mtihani ukaisha nayo ikaisha. Hilo linarekebishika kabla ya sapu. Swali lako la maana ni jambo la pili, na hilo hukukwama peke yako.

Mwaka 1925 Werner Heisenberg, kijana wa miaka 23, aliandika hesabu ya kwanza ya Kwanta hii tunayoisoma bila kujua kwamba majedwali yake yanaitwa matriksi. Aliyeyatambua ni Max Born. Mwaka uliofuata Erwin Schrödinger akatoa mlinganyo huo unaoutatua wewe. Yeye alitaka wimbi liwe kitu halisi, yaani elektroni iliyotandaa. Born, mwaka huo huo wa 1926, akasema sivyo: chukua ukubwa wa fanksheni, uuzidishe kwa wenyewe, unapata uwezekano wa kuikuta chembe mahali hapo. Schrödinger hakuipenda kabisa tafsiri hiyo. Yule paka wake wa kufikirika wa 1935, aliye hai na mfu kwa pamoja, ambaye siku hizi anauzwa kwenye fulana, aliletwa kama kejeli, kuonyesha wenzake wanafikia wapi wakishikilia maneno yao. Kwa hiyo mwenye mlinganyo na aliyeupa maana hawakuelewana, na Born alisubiri Nobel yake hadi 1954. Mhadhiri wako alikosa subira, lakini hakusema uongo. Kweli halimo kwenye mtihani.

Hata hivyo kuna sehemu ya swali lako yenye jibu safi, na sioni kwa nini usipewe.

Yaweke kando matundu mawili kwanza. Chukua kioo cha nusu, kile kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, inakifikia. Mbele yake kuna njia mbili. Mwisho wa kila njia kuna kioo cha kawaida kinachoigeuza, njia zikakutane kwenye kioo cha nusu cha pili, na baada ya hapo kuna vitambuzi viwili, tuviite A na B. Sasa weka mkono kuziba njia moja. Nusu ya fotoni zinaishia mkononi mwako, robo zinafika A, robo zinafika B. Hapo hakuna la ajabu. Ondoa mkono. Mtu yeyote angetegemea A ipate nusu na B ipate nusu. Ukipanga urefu wa njia sawasawa, A inapata zote na B haipati hata moja. Umeifungulia B njia ya pili ya kufikiwa, na kwa kufanya hivyo umeikosesha hata robo iliyokuwa nayo.

Soma aya hiyo tena, polepole, kwa sababu ugeni wote wa Kwanta umekaa humo. Uwezekano hauna ishara ya kutoa, kwa hiyo robo na robo haziwezi kufutana zikawa sifuri. Lazima kinachosafiri katika hesabu kiwe namba nyingine inayoweza kuwa chanya au hasi, au changamano. Kwenda A, njia ya kwanza inaleta nusu na ya pili inaleta nusu: jumla moja, mraba wake moja. Kwenda B, ya kwanza inaleta nusu, ya pili inaleta nusu yenye alama ya kutoa: jumla sifuri. Njia moja ikizibwa inabaki nusu peke yake, na nusu mara nusu ni robo. Basi kanuni ni hii: kama hakuna chochote ulimwenguni kinachoweza kuonyesha fotoni ilipita wapi, jumlisha namba kwanza ndipo upige mraba. Kama kuna kitu chochote kimebaki na alama ya njia, hata kama hakuna mtu aliyekitazama, piga mraba kwanza ndipo ujumlishe.

Wimbi lako ni wimbi la namba hizo. Halina maji wala hewa. Elektroni kwenye matundu mawili ni hesabu hiyo hiyo, isipokuwa badala ya vitambuzi viwili una skrini nzima, na kila nukta ya skrini ina jumla yake.

Ukiniuliza kama namba hizo zipo huko nje au zipo kwenye daftari letu tu, hapo tunaingia kwenye ubishi ambao watu wazima wenye akili zao wanaendelea nao. Lililokwisha kufungwa ni moja. Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwamba ukidai chembe zina majibu yao tayari kabla ya kupimwa, na kwamba linalofanyika huku haliwezi kugusa la kule papo hapo, basi matokeo ya vipimo hayawezi kuvuka kiwango fulani. Vipimo vilivuka. Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Nobel ya 2022 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo anayekwambia “bila shaka elektroni ilipita tundu moja, sisi tu hatujui lipi” ana mzigo mzito wa kujieleza. Na wewe unayekosa usingizi kwa swali hili huna upungufu wa kichwa. Ila swali hilo lipangie saa yake, Jumapili jioni kwa mfano, lisile muda wa sapu.

Kwa sapu, acha kisanduku, anza na spini. Mwaka 1922 Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha atomu za fedha kwenye sumaku isiyo na nguvu sawa pande zote, zikaangukia mahali pawili badala ya kutapakaa. Hesabu yake ndiyo uliyoiacha. Chagua zile zilizoelekea juu kwa mhimili wa z. Zipitishe kwenye sumaku ya mhimili wa x: nusu huku, nusu kule. Chukua nusu moja tu, uirudishe kwenye z. Ulizichagua zikiwa juu, sasa nusu ziko chini. Tafuta kila uwezekano kwa mkono wako mwenyewe, kwa vekta za namba mbili, mpaka uweze kufanya bila kuchungulia. Kisha geuza pembe ya sumaku ya pili iwe nyuzi 60 badala ya 90 uone kinachobadilika. Usipopata robo tatu na robo, rudi mwanzo. Wengi hufundishwa mlinganyo wa Schrödinger kwanza, wakazama kwenye kalkulasi kabla ya kuona kanuni. Mimi ningeugeuza mtaala huo kesho, lakini hakuna aliyeniuliza.

Sasa fomu.

Geofizikia ni fani nzuri, na nchi hii inaihitaji: maji ya chini ya ardhi, madini, gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, joto la ardhini kwenye Bonde la Ufa. Lakini sababu yako ya kuichagua haipo. Moja ya vifaa vya kawaida vya mwanageofizikia anayetembea porini kutafuta miamba yenye chuma ni magnetomita ya protoni. Ndani yake kuna kichupa cha kimiminika chenye haidrojeni nyingi, mafuta ya taa kwa mfano, kilichozungushiwa waya. Spini za protoni zinazunguka ndani ya ugasumaku wa dunia, na kifaa kinahesabu mizunguko. Protoni huzunguka mara milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla, kipimo cha nguvu ya ugasumaku. Ugasumaku wa pande zetu ni kama mikrotesla 33. Zidisha, unapata mizunguko kama 1,400 kwa sekunde. Umekimbia spini chuoni, umeikuta porini.

Ichukue namba hiyo hiyo uende nayo hospitali. Mashine ya MRI ya tesla 1.5: zidisha, mizunguko milioni 64 kwa sekunde, na picha ya ubongo inatoka humo. Paneli ya sola nayo ni elektroni kurushwa na fotoni kuvuka pengo la nishati, elektronivolti 1.12 kwa silikoni. Katika mikondo yako minne hakuna hata mmoja ulio salama na Kwanta. Tofauti iko kwenye kazi ya kila siku, na hiyo ndiyo ya kuchagua.

Kwa heshima zote kwa mjomba, bomba lile la kilomita 1,443 ni la kuleta mafuta kutoka Hoima, Uganda, na yalishapatikana huko. Chongoleani ni matanki na gati. Panataka wahandisi, wachomeleaji, watu wa meli. Kazi zipo, sikatai, lakini mtafuta mafuta si anayehitajika pale yanapopakiwa.

Ili ujijue, fanya jambo hili kabla likizo haijaisha. Nenda kwa fundi redio yeyote hapo Ngamiani, nunua taa tatu za LED, nyekundu, kijani na bluu, ziwe zile zenye kioo kisicho na rangi. Mwombe na rezista ya omu 330 na poteshomita, na akuazime mita. Tumia betri ya volti 9. Usiku, zima taa chumbani, vingirisha karatasi nyeusi iwe bomba uchungulie LED kwa ndani, pandisha volti taratibu mpaka uone cheche ya kwanza ya mwanga, na usome mita ikiwa kwenye miguu ya LED yenyewe. Rudia kwa kila rangi. Nyekundu ina urefu wa wimbi wa kama nanomita 630, kijani 525, bluu 465. Gawanya kasi ya mwanga kwa urefu wa wimbi upate masafa, yaani mitetemo kwa sekunde, kisha chora grafu ya volti dhidi ya masafa. Mteremko wa mstari, ukiuzidisha kwa chaji ya elektroni, ni namba ya Planck, inayounganisha nishati ya fotoni na masafa yake, ile ya 6.626 mara 10 kwa kipeo cha hasi 34. Hutaipata kamili. Jicho lako si kitambuzi kizuri, na LED nyekundu imetengenezwa kwa mata tofauti na zile mbili. Ukikosea kwa asilimia 20 umefanya kazi ya heshima.

Halafu jiangalie. Kama usiku huo ulitaka kurudia kipimo ili namba itulie, wewe ni mtu wa maabara. Kama ulichoka na waya lakini ukaganda kwenye swali la kwa nini mstari haupiti sifuri, nadharia bado inakuita. Kama uliwahi kufungua kompyuta kuandika programu ya kuuchora huo mstari kabla chai haijapoa, kuna kazi tele ya kuigiza mata kwa kompyuta, na huhitaji maabara ya gharama.

Fizikia ya tiba inataka tabia yake. Kwenye hospitali za Ocean Road na Bugando kuna mashine za mionzi za kutibu saratani, na kabla mgonjwa wa kwanza wa asubuhi hajalazwa kuna mtu lazima apime mashine inatoa kiasi gani. Kobalti-60, chanzo cha mionzi kwenye baadhi ya mashine za aina hiyo, hupungua nusu kila baada ya miaka 5.27, kwa hiyo dakika alizolala mgonjwa mwaka jana si za mwaka huu. Mwanafizikia ndiye anayezihesabu, na akikosea anaumia mtu aliye chumba cha pili. Wapo watu wanaopenda uzito huo. Barua yako haikutaja mgonjwa hata mara moja, nami nimelizingatia hilo.

Ushauri wangu: jaza yabisi na nishati ya jua, na uombe mradi wa kukokotoa kwa kompyuta. Kwanta utafundishwa mara ya pili humo, safari hii ikiwa na kitu cha kushika, na mlango wa nadharia haufungi. Taasisi ya ICTP ya Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia iliyoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, ina diploma ya baada ya shahada kwa vijana wa nchi kama zetu, na inawagharimia. Na Kigali kuna EAIFR, taasisi ya utafiti ya Afrika Mashariki iliyo mshirika wake, inayotoa masta na shahada ya uzamivu. Wanatazama hisabati yako na Kwanta yako kuliko jina la mkondo. Ndiyo maana sapu hii usiipite kwa kudesa kama unaweza kuipita kwa kuelewa.

Mwenzako wa hosteli mwambie kompyuta ya kwanta inaanza na vekta zile zile za namba mbili. IBM iliweka mashine ndogo kwenye intaneti mwaka 2016 na mwanafunzi anaweza kutuma kazi kwenye mashine zake bila malipo. Aandike programu moja, ndipo azungumzie hela.

Mama usimpinge bure. Shahada ya sayansi pamoja na stashahada ya uzamili ya elimu inakufanya mwalimu wa fizikia, na hilo unaweza kuliamua hata miaka mitano ijayo. Mkondo wowote utakaojaza haulifungi.

Kuhusu LED, bluu pengine utazungushwa kuipata. Ukiikosa chukua nyeupe ya tochi za Kichina: ndani yake ni bluu iliyopakwa unga unaogeuza rangi ya mwanga, kwa hiyo kwenye grafu iandike kwa urefu wa wimbi wa bluu, na usidanganywe na rangi unayoiona.